Lipu ya Chumba cha Mama

Mama alikuja kwangu Mbinga wakati mvua zinaanza kuchanganya, na begi lake hakulipangua. Liliwekwa chini ya kitanda na likakaa hivyo hivyo. Kila asubuhi alifungua zipu kidogo, akavuta kanga ya siku hiyo, akaifunga zipu tena, kama abiria anayesubiri basi. Sharti lake la kuja lilikuwa moja: mvua zikikatika na barabara ya kwetu Chiwanda ikikauka, anarudi nyumbani kwake ziwani. Macho yake yalikuwa yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu. Kule angeishi peke yake, na jirani wa kumchungulia jioni. Mimi nilitaka abaki, lakini sikuthubutu kusema, maana mama yangu ukimbembeleza ndiyo umemfukuza.

Nyumba yangu ilikuwa haijaisha. Kuta ni za tofali za kuchoma. Fundi alipiga lipu sebuleni, kisha akapata kazi kubwa mahali pengine, akaniachia neno moja: nakuja kesho. Kesho hiyo ilizaa watoto na wajukuu. Korido na vyumba vikabaki tofali tupu, nami nikazoea. Mtu mwenye macho hana sababu ya kugusa kuta za nyumba yake.

Mama alizigusa. Niligundua siku nampima gauni, kwa sababu mimi ni fundi cherehani na sikutaka akae kwangu na magauni yale yale mawili. Nilimwambia anyooshe mikono, akanyoosha huku amekunja ngumi. Nikamfungua vidole kimoja kimoja. Viganja vilikuwa vimechubuka, mikwaruzo mingine imekauka na mingine bado mibichi.

"Ni kuni hizo," akasema.

"Mama, humu ndani tunapikia gesi."

Akakunja ngumi tena. "Nyumba yako ina meno, mwanangu. Ile yangu naipapasa mpaka uani bila kuumia, maana niliikandika mwenyewe."

Maneno hayo yaliniuma sana. Nilimpigia simu fundi, akasema kesho. Nikamwambia maneno ambayo watu wanaosali jumuiya moja hawapaswi kuambiana, nikakata simu, nikaenda kununua saruji.

Jirani zangu walicheka. Mwanamke na karai la lipu, tena mwanamke wa cherehani. Mama ndiye hakuona cha kuchekesha. Kwetu kule ufukweni wanaume husimamisha nyumba, kisha wanaenda zao ziwani, na wanawake ndio wanaoivisha nguo ya udongo. Yeye alikuwa anaitwa hata vijiji vya jirani kwenda kukandika. Kwa mara ya kwanza tangu afike, uso wake ulichangamka, akaanza kuniamuru kama nilipokuwa mtoto.

"Udongo haupakwi siku ile ile," akaniambia. "Unaukanyaga, unaufunika vizuri, unalala, unaiva. Asubuhi unapaka. Usiolala lazima upasuke."

Basi tukafanya hivyo. Nilichanganya saruji na mchanga mchana kutwa mpaka kiuno kikagoma. Mama akaonja ulaini wake kwa ncha za vidole, akaridhika. Tukaufunika mchanganyiko kwa magunia yaliyolowa, tukaenda kula, tumejaa furaha ya watu waliomaliza kazi ngumu.

Asubuhi nilifunua magunia nikakuta jiwe. Chepe nililoliacha humo lilikuwa limesimama wima, na nilipolivuta lilikataa katakata. Tangu utotoni nafundishwa kwamba haraka haraka haina baraka, na kumbe saruji haijawahi kuisikia methali hiyo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamshika mama mkono nikamsogeza aguse. Akapapasa, akagonga kwa kifundo cha kidole, akagonga tena. Hakucheka.

"Nimekuharibia mali," akasema. "Macho yameisha, na hata nilichokuwa nakijua nacho kimeisha. Mvua zikikatika nirudi kwangu, nisikuzoeze hasara."

Kicheko changu kilikatika hapo hapo. Niliogopa, nasema kweli. Saruji ya kununua ningepata nyingine. Ila yeye alikuwa ameshaingia chumbani, na nilisikia zipu ya begi ikifunguliwa na kufungwa bila kanga kutolewa.

Nikajifunza upya, kwa simu. Nilipata video ya mtu anapiga lipu huku anaongea lugha nisiyoijua hata neno. Nikazima sauti, nikatazama mikono yake. Cherehani nilijifunza hivyo hivyo, kwa kutazama mikono ya watu. Nikaona kwamba anamwagia ukuta maji kwanza, anachanganya kidogo kidogo, na anachochanganya anakimaliza.

Nikaenda kwa mama. Sikumwambia pole, maana pole ingemkalisha kitandani wiki nzima. Nikamwambia mchanga una vikokoto, mimi sina muda wa kuvichambua, na lipu yenye kokoto itamkwaruza yeye, si mimi.

"Uko wapi huo mchanga?" akauliza.

Akakaa uani kwenye kigoda, chekeche magotini, anachekecha huku anausema mchanga wa huku milimani Umatengo. Huu mchanga gani, una mizizi kama shamba la mihogo. Njooni muone mchanga wa kwetu Chiwanda, unaweza kuulalia bila mkeka. Nilikuwa ndani nasikiliza, na kila alivyozidi kuukashifu ndivyo nilivyozidi kupata nguvu.

Lipu ya kwanza niliyorusha ilidondokea miguuni mwangu. Ya pili pia. Sakafu ya korido ilipata lipu kabla ya ukuta. Kumbe hutakiwi kuibandika kwa kuibembeleza. Unairusha kwa kiwiko, kwa hasira kidogo, na hasira mimi sijawahi kupungukiwa. Nilipomkumbuka fundi na kesho yake, kila mwiko wa lipu ulishika vizuri kabisa. Mama alisimama nyuma yangu na kopo la maji, anarusha ukutani kabla yangu. Tofali kavu hunywa maji kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayenong'ona. Mimi sikuwa nimeisikia; yeye aliisikia.

"Ngoja kwanza," alikuwa ananiambia. "Bado unakunywa."

Nami nilikuwa nangoja mpaka aseme umetosha. Ukuta huo haukudondosha tena kitu.

Lakini ulikuwa mbaya. Nilivuta ubao kusawazisha, nikasugua, nikasimama mbali nikatazama, nikataka kulia. Ulivimba hapa, ukabonyea pale. Gauni la namna hiyo ningelifumua usiku mteja asilione, ila ukuta haufumuliwi. Ulipokauka mama akaupitia polepole, kiganja wazi, kutoka mlango wa chumba chake mpaka mwisho wa korido. Katikati akasimama.

"Hapa pana mlima," akasema.

"Nitauchonga na patasi niuondoe."

"Wewe, uache. Nikifika kwenye mlima najua choo kimebaki mlango mmoja." Akaendelea kupapasa. "Nyie watu wa Mbinga hamuwezi kukaa bila milima."

Nikauacha. Mpaka leo wageni wanauona, na wenye adabu hawasemi kitu.

Chumba chake nilikiweka mwisho, ili mikono iwe imejifunza. Nilikwenda taratibu, kipande kwa kipande, baada ya kazi ya cherehani. Ukuta wa upande wa kitanda ulitoka vizuri. Sitajifanya mnyenyekevu: ulitoka vizuri sana. Niliusugua mpaka ukawa kama kitambaa kilichopigwa pasi, nikaunywesha maji asubuhi na jioni usipasuke. Nilikuwa mkali juu ya ukuta ule kuliko nilivyokuwa juu ya kitu chochote nilichowahi kushona. Mtu asiegemeze ufagio. Mtu asiburute kiti. Paka alipojinyoosha na kuukuna kwa makucha, nilimfukuza mpaka barabarani na kandambili mkononi.

Kisha mvua zikakatika. Baridi ya Mbinga ikaanza, ile inayomfanya mtu wa ziwani ajute kuzaliwa. Sokoni usipa, wale dagaa wa ziwani kwetu, ukawa mwingi, ishara kwamba magari yanapanda na kushuka bila kunasa. Jioni moja mama akanikuta kwenye cherehani.

"Barabara imekauka?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiria kabisa kusema kwamba bado kuna mahali pamekatika huko chini. Lakini mtu asiyeona ukimdanganya unamnyang'anya na kile kidogo alichobakiwa nacho.

"Imekauka, mama."

"Haya," akasema, akarudi chumbani kwake, anapapasa ukuta, akapita mlima wake.

Nikaendelea kushona lile gauni lake. Nilishona mkono wa kulia upande wa kushoto, nikafumua, nikashona tena vile vile. Nilikuwa naona lile begi, naona kituo cha mabasi, naona mwenyewe nikirudi kwenye nyumba iliyosawazishwa bila mtu wa kuipapasa. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, maana hakuna aliyekuwa ananiangalia.

"Mwanangu, njoo."

Nikajipangusa nikaenda. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, kiganja chake juu ya ukuta wangu mzuri, anakizungusha taratibu.

"Huu umeupiga wewe?"

"Mimi."

"Si fundi?"

"Fundi anakuja kesho."

Tukacheka wote wawili. Kisha akaniuliza kama ndani kuna msumari.

"Msumari wa nini?"

"Kanga zangu zinakunjamana kwenye begi. Nipigilie hapa, karibu na mkono."

Yeyote aliyewahi kupiga lipu anajua maana ya msumari kwenye ukuta kama ule, tena lipu yenyewe bado changa. Sikusubiri abadili mawazo. Nilichukua msumari mkubwa kuliko yote iliyokuwemo kwenye kopo, nikachukua nyundo, nikapigilia. Lipu ikapasuka, kipande cha upana wa kiganja kikamomonyoka na kuanguka juu ya shuka, na vumbi likatuingia puani. Tofali likachungulia, jekundu. Msumari ulishika.

Mama alipapasa lile shimo, akalizunguka na kidole.

"Pamemeguka," akasema.

"Ndiyo, mama. Nikupigilie na wa gauni?"

Akainama, akalivuta begi kutoka chini ya kitanda.

"Upigilie," akasema. "Ila upandishe juu kidogo, lisiburuze chini."