Shikome Isiyo na Moshi

Baba mkwe wangu alifika kwetu Bariadi kwa lori la pamba, amekaa mbele na dereva, na kabla hajashuka alikuwa ameshauliza atarudi lini. Alitoka kijijini upande wa Mwandoya, ambako alikuwa na ng'ombe wengi na pumzi chache. Alikohoa mpaka akashika ukuta. Mume wangu alimpeleka hospitali, mimi nikafuata nyuma na kikapu, na daktari alipokwisha kumsikiliza kifua alituita pembeni akatuambia bila kuzunguka: mapafu ya mzee yameliwa na moshi. Dawa zingemsaidia, lakini akirudi kwenye moshi tusitegemee kuwa naye muda mrefu.

Mimi nikaona hilo ni jambo jepesi. Moshi si unakaa jikoni, na mwanamume wa Kisukuma jikoni anafuata nini? Mume wangu akanitazama kana kwamba nimesahau nilikozaliwa.

"Na shikome?" akaniuliza.

Shikome ni moto wa jioni wa wanaume. Huwashwa nje, uwanjani mbele ya nyumba, kwa magogo na mavi makavu ya ng'ombe, na wanaume wa boma huuzunguka. Hapo ndipo chakula huletwa, nyama huchomwa, kesi husikilizwa na uongo wa ujana husimuliwa upya. Wanawake hupeleka chakula na kuondoka. Baba mkwe alikuwa ameukalia moto huo tangu utoto mpaka akawa yeye ndiye mwenye boma, na moshi wake ndio uliokuwa ukimmaliza polepole. Kumwambia aache shikome ilikuwa sawa na kumwambia aache kuwa baba wa watu.

Siku za kwanza alijitahidi. Jioni alikaa barazani, mikono juu ya magoti, akiutazama uwanja wetu mtupu. Kisha akaanza kuchukua fimbo yake na kwenda kwa mzee jirani yetu wa nyuma, ambaye alikuwa bado anawasha moto wake. Alirudi amechangamka, na baada ya hapo tulimsikia usiku akikohoa ng'ambo ya ukuta wetu kama mtu anayepasua kuni.

"Sikio la kufa halisikii dawa," mume wangu akasema, akafunga mkoba wake akaenda kazini. Alikuwa karani wa kampuni moja ya watu binafsi, kati ya zile zilizokuwa zimeanza kugombania pamba baada ya soko kuachiwa huru zishindane na ushirika, na msimu wa ununuzi ulipofika alihamia kwenye vituo, Sapiwi na kwingineko. Mzee akabaki mikononi mwangu.

Naye mzee hakukawia kutoa tangazo lake. "Pamba ikiisha kununuliwa, wanangu watakuja kunichukua. Hapa mnanilisha vizuri, mayu, lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Mayu ni mama. Ndivyo alivyoniita tangu siku niliyoolewa, na nilimpenda mzee yule, sioni haya kusema. Nilipozaa mabinti watupu na ndugu wakaanza kunung'unika, ni yeye aliyewaambia wakahesabu zizini ni ng'ombe wangapi walioingia kwa sababu ya mabinti zake. Hakuna aliyenung'unika tena. Sasa mtu huyo alikuwa ananiaga ili akafe, na mimi nimpakie kwenye lori na kumfungia viazi vya njiani? Mimi ni mbishi. Hata mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikibisha.

Nilikuwa na duka dogo la vitenge, na nilikwenda Mwanza kufuata mali. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka ambayo zamani yalikuwa na rafu tupu na muuzaji mwenye usingizi yalikuwa yamevimba vitu. Katika duka moja la bidhaa zilizotumika kutoka Ulaya niliona majiko ya kuchomea nyama, yenye mpira na mtungi wa gesi. Nikasimama palepale katikati ya njia, watu wakanipita wakinisonya.

"Moshi wake unatokea wapi?" nikamwuliza muuzaji.

"Halina moshi, mama. Labda mafuta ya nyama yakidondoka."

Yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa dogo, la kuweka mezani, nikalipita. La pili ndilo alilolisifia: kubwa, lenye magurudumu, mfuniko mzito na vyuma vya kung'aa vilivyoficha moto kabisa. Aliufunga na kuufungua ule mfuniko mbele yangu kama mlango wa gari la waziri. Nikamwambia achuchumae. Akashangaa, lakini alichuchumaa.

"Ukiwa hapo chini, unauona moto?"

"Mama, nyama inachomwa mtu amesimama."

"Kwenu. Nimekuuliza, unauona?"

Hakuuona. La tatu lilikuwa limekaa pembeni na vumbi, limepauka upande mmoja, lakini juu ya bomba la moto lilikuwa na mawe meusi yenye vitundu vitundu. Muuzaji alieleza kwamba moto huyapasha mawe, nayo ndiyo yanayochoma nyama. Nikamwambia aliwashe. Mawe yalikaa kimya kwa muda, kisha yakaanza kuiva kutoka chini, mekundu, kama makaa ya mgunga. Nikalipia bila hata kukumbuka kubembeleza bei, jambo ambalo kwa mfanyabiashara wa vitenge ni aibu.

Bariadi nililipeleka kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia alikate miguu.

"Jiko zima hivi, mama?"

"Kata. Watu wa kwangu wanaota moto wamekaa."

Alikata mpaka usawa wa goti. Nikafunga mpira kama nilivyofundishwa dukani, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio kuangalia kama gesi inavuja, nikauweka mtungi mbali kidogo nyuma ya tofali. Mfuniko niliupeleka stoo. Moto uliofunikwa si moto.

Jioni nikamwamkia, "Mwadila, baba," nikawasha uwanjani mbele yake na kuweka mbavu za mbuzi. Alitazama muda mrefu. Mawe yalipokuwa mekundu aliinama, akachungulia chini, akazunguka nyuma, akarudi.

"Unakula nini moto huu?"

"Gesi, baba."

"Siioni."

Hata hivyo alikula, tena alikula vizuri, na usiku ule ukuta wetu ulikaa kimya. Asubuhi nilifagia uwanja nikiimba. Nikamtumia mume wangu salamu kwa dereva kwamba sikio limesikia dawa. Nilijisifu mapema.

Kwa sababu kila jioni nilikuwa naliwasha mimi, na mzee jirani alikuwa ameanza kuja kutazama. Naye alikuwa na mdomo. Nikiwa nageuka kwenda jikoni nikamsikia: "Shikome hii mwanamke ndiye mwenye nayo? Kwa hiyo sisi tumekuja kuota kwa mama?" Wakacheka wote wawili, lakini kicheko cha baba mkwe kilikatika katikati.

Kesho yake nilikuwa nasonga ugali niliponusa mavi ya ng'ombe yanaungua. Nilitoka na mwiko mkononi. Uwanja ulikuwa mweupe kwa moshi. Baba mkwe alikuwa amelilisha jiko. Alikuwa amejaza juu ya yale mawe mavi makavu na mabua ya pamba, amevipanga vizuri kama mtu anayejua kazi yake, na sasa alikuwa amepiga magoti, mdomo wazi, hewa haiingii. Jirani alikuwa anampiga mgongo na kupiga kelele. Nilikimbilia mtungi kwanza nikaufunga, kisha nikamkumbatia mzee kwa nyuma nikamburuta mpaka barazani. Mkamwana hamshiki baba mkwe wake. Mimi nilimshika, na ningemshika tena.

Pumzi ilirudi kidogo kidogo. Nilikaa naye mpaka akalala, nina hofu na hasira pamoja.

Asubuhi nilikuwa uwanjani nayasugua mawe moja moja na kuzibua matundu ya bomba kwa waya. Akaja akaketi kando.

"Mayu, usijisumbue. Wanangu wakija, ninakwenda."

Nikamtolea uvivu. Nilimwuliza huu moto una kosa gani, ulimnyima nini, nyama haikuiva, baridi haikutoka? Niliacha kusugua nikamwambia kwamba mimi sikupanda basi mpaka Mwanza ili nije nimpakie kwenye lori akafie mbali, na kwamba kama anataka kufa basi afie hapa mbele yangu anione ninavyolia. Sijawahi kusema naye hivyo, kabla wala baada.

Hakukasirika. Aliokota jiwe moja jeusi akaligeuza mkononi.

"Moto hauna kosa," akasema. "Lakini ni wa nani? Unaniwashia kama mtoto anavyowashiwa taa. Nilikuwa naulisha ili uwe wangu."

Nikamtazama. Kumbe siku zote nilikuwa nabishana na kifua chake, na kilichokuwa kinauma si kifua. Nikapanga mawe, nikafunga mpira, nikatoa kiberiti kwenye pindo la kitenge nikamwekea kiganjani.

"Basi washa wewe."

Nilimweleza mara moja tu: njiti ya kiberiti kwanza, gesi baadaye, usitangulize gesi kamwe. Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo. Ya pili ilifika, akafungua, moto ukasema vup! Mzee akaruka nyuma kama kijana. Halafu akacheka. Alifunga, akawasha tena. Akafunga, akawasha tena. Nilimwacha hapo amechuchumaa asubuhi kweupe, hana nyama, hana baridi, anawasha moto.

Tangu siku ile sikuligusa tena jiko lile jioni. Lilikuwa na mwenyewe. Alilijua kuliko muuzaji wa Mwanza. Aligundua kwamba nyama yenye mafuta inakaa pembeni na moto mdogo, ili mafuta yasidondokee mawe na kuleta moshi, na aliwafundisha wenzake jambo hilo kwa ukali kama amelisomea. Ukipeleka kidole kwenye ile swichi ya kupunguzia moto, fimbo yake ilikuwa karibu. "Kiberiti kwanza!" alimfokea jirani, ambaye hata hakuwa amefikiria kuwasha chochote. Akitaka kujua gesi imebaki kiasi gani, aliumwagia mtungi maji ya moto kidogo kisha akaupapasa kwa kiganja, kama anavyopapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba, mpaka anapofika mahali penye baridi, ndipo gesi ilipokomea. "Inatosha mpaka mnada ujao," alisema, na ilitosha. Mtungi ukiisha, madereva wa malori ya pamba waliupeleka Mwanza na kuurudisha umejaa.

Jirani aliacha kuwasha moto wake. Wengine wakafuata, kila mmoja na nyama yake au mahindi yake mabichi. Mimi nilikuwa jikoni kwangu nasonga ugali na kusikiliza, na nilichokuwa nasikiliza ni kifua. Baba mkwe alikuwa anasimulia habari ndefu, ya ng'ombe walioibwa na jinsi walivyofuatwa mpaka ng'ambo ya mto, na aliifikisha mwisho bila kukohoa. Nilipomsikia ameanza nyingine nilikaa chini juu ya gunia la mahindi nikafunika uso kwa khanga, nikalia kwa furaha.

Pamba ikaisha. Mume wangu akarudi nyumbani, na nyuma yake wakaja mashemeji zangu wawili kutoka kijijini, wamekuja na blanketi la kumfunikia baba yao njiani. Walimkuta uwanjani katikati ya wazee wenzake, anageuza mbavu. Aliwaambia wakae, wale kwanza. Walikula, wakanawa, wakatazamana.

"Baba, lori linaondoka asubuhi," mkubwa akasema.

"Liondoke."

"Na wewe?"

Alipindua ubavu mmoja, akauangalia chini yake, akaurudisha. "Boma mnalo. Ng'ombe mnao. Mkifika, nileteeni kitu kimoja tu. Nileteeni kiti changu."

Kiti kile kilichongwa kwa gogo moja, alikirithi kwa baba yake, na kule kijijini hapana mwingine aliyewahi kukikalia. Kiti cha namna hiyo hakisafiri kwenda kutembelea watu. Kinakwenda mahali mwenyewe alipohamia. Shemeji yangu mkubwa alimtazama mume wangu, mume wangu akanitazama mimi, nami nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na sufuria ya maji ya kunawa.

Nilipiga kigelegele. Nilikipiga hapo hapo, mbele ya mashemeji, mbele ya wazee, mbele ya baba mkwe mwenyewe, mpaka mabinti zangu wakatoka ndani mbio wakidhani kuna harusi. Mzee hakunikemea. Alipunguza moto kidogo, akaniambia nilete sahani.