Jina Langu, Mkono wa Nasra

Tulikuwa sebuleni kwa Zamzam, mtaa wa Bordesley Green, huku ughaibuni. Zamzam ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana Garissa. Ifrah binti yake ndiye aliyekuwa bibi harusi. Gurmeet, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, ni jirani yao. Hodan ni mjukuu wangu. Wa kuaibika nilikuwa mimi.

Nasra, mtoto wa marehemu mdogo wangu, yuko Mogadishu. Anachora michoro ya hina kwenye kompyuta na kuiuza mtandaoni, mtu analipa kwa kadi kisha mchoro unaingia kwenye simu yake. Lakini kila kampuni ya malipo aliyojaribu, akifika pale pa kuchagua nchi, yake haimo (Djibouti ipo, Somalia wameiruka). Basi akaniomba akaunti iwe kwa jina langu, nami nimpelekee pesa kwa hawala. Nikakubali.

Ifrah akanunua michoro ile bila kujua ni ya nani, risiti ikaja na jina langu. Zamzam akanipigia.

"Kumbe huu mkono wako, dada, na umetuficha miaka yote. Utampaka Ifrah."

Hapo ndipo ningepaswa kukataa. Lakini niliogopa nikitaja Mogadishu maneno yatazunguka mtaa wote wa jirani, Alum Rock, mpaka akaunti ifungwe, na watoto wa Nasra wanakula kwa michoro hiyo, hana mlango mwingine. Nikasema nitakuja (na hina mimi nimewahi kupaka nyayo zangu tu, tena kwa kidole).

Siku ikafika, nikaketishwa kwenye mto, simu zinanirekodi, nikaikamua ile koni ya hina likatoka tone kubwa kama zabibu katikati ya kiganja cha Ifrah, nikalivuta liwe ua, likaota mguu, nikaongeza wa pili ili ilingane.

Gurmeet akainama. "Dada, ua hili lina mdomo?"

"Ni mtindo mpya."

"Mtindo wa kuku."

Hodan akaninong'oneza, "Nyanya, just tell them."

Ifrah hakucheka. Alikuwa anatazama kiganja chake, machozi yamemlenga. Nikaweka koni chini.

"Mwanangu, mkono si wangu. Langu ni jina tu." Nikawaeleza yote, hata ile nchi isiyomo.

Zamzam akafuta upesi, lakini hina ilikuwa imeshashika. "Nimekusifu kwa watu wote," akasema. "Sifa hizo nizipeleke wapi?"

"Kwa mwenyewe," nikasema, nikampigia Nasra kwa video.

Nasra akakitazama kiganja, akajizuia kucheka. "Mama mkubwa, kijazeni chote, duara moja jeusi, kama walivyopakwa bibi zetu." Zamzam akakijaza mwenyewe, na wanawake wakamwagizia Nasra michoro pale pale.

Akaunti bado ni ya jina langu, haijafungwa, ila sasa ukurasa unasema mchoraji ni Nasra. Jina nitaliazimisha tena nikiombwa. Sifa za mtu sizipokei tena, hata kwa simu.

Mliokuwepo, nikikosea nisahihisheni. Mimi nasema ulikuwa mkono wa kulia, Ifrah anasema wa kushoto, na yeye ndiye aliyeolewa nao.