Kipa Hutoka Mwisho

Mtoto wa kaka yangu anaitwa Miraš, na sokoni huwa nalisema kwa sauti ili wanaosikia wasikie: shangazi yake ni mimi, Rosanda. Miraš ni kipa wa timu ya mpira wa mikono ya mji wetu huu wa milimani, na siku za kazi anatengeneza maboila ya maji ya moto. Viganja vyake vipana, na kwa kula kačamak, ule ugali wetu wa viazi na jibini, sijaona mwenzake.

Alikuwa kipenzi cha mji mpaka siku redio yetu ilipomwalika. Mtangazaji akamuuliza, kama anavyoulizwa kila mtu huku kwetu aliyevuka thelathini bila pete, ataoa lini. Miraš akajibu bila hata kukohoa kwamba mke hataoa, yeye anapenda wanaume, na mpenzi wake ni Andrija, fundi wa meno bandia kule mjini Nikšić. Halafu akachagua wimbo. Mimi nilikuwa namenya viazi. Nikaweka kisu chini, nikajiambia, haya Rosanda, jifunge kibwebwe.

Lakini hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana, ningejua pa kuanzia. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Radosav, ambaye mpira ameushika kwenye picha tu, alimjia na sura ya msibani. Akasema wamekaa, wamefikiri, na kwa heshima wanampa chumba chake mwenyewe cha kubadilishia nguo: kile cha waamuzi. Waamuzi watavaa ofisini. Hivyo wenzake watakuwa huru, naye atakuwa huru. Huru! Wanaume wamevuliana suruali kwa mzaha tangu shule ya msingi, leo ndio wameingiwa na haya.

Jambo moja walilisahau. Boila la chumba cha timu lilikufa wiki ileile, na fundi mjini ni mmoja, naye wamemtoa chumbani. Kwa waamuzi maji yalikuwa yanachemka. Basi Miraš anaoga, mvuke unatoka chini ya mlango, na ng'ambo ya ukuta mashujaa wetu wanarukaruka chini ya maji ya barafu wakiwataja mama zao. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Miraš hakucheka.

"Shangazi, sitaki maji ya moto," aliniambia. "Nataka msumari wangu wa kutundikia koti, pale kati ya Vukota na dirisha. Nimekaa pale tangu nikiwa mtoto."

Vukota ndiye nahodha, wamekua pamoja. Niliona macho ya mtoto wa kaka yangu, kicheko kikanikauka.

Sasa, timu yetu ina mwiko. Kabla ya mechi kipa hutoka mwisho, naye huufunga mlango kwa mgongo. Asipoufunga yeye, ni balaa. Usiwaulize kwa nini. Yumo hata mwalimu wa fizikia, naye anauamini kuliko vitabu vyake. Mechi ya kwanza bila Miraš chumbani, mlango aliufunga kocha, tukafungwa mabao ya aibu. Ya pili aliufunga Bwana Radosav mwenyewe, kwa madaha, tukafungwa zaidi. Miraš langoni alidaka alivyoweza, lakini wenzake walicheza huku wakiuwaza mlango.

Ikafika mechi ya mwisho. Tukipoteza, tunashuka daraja. Wageni wako uwanjani wanapasha misuli, ukumbi umejaa, timu yetu haionekani. Nikateremka jukwaani mpaka kule vyumbani, nani angenizuia? Nikawakuta wamesimama chumbani mwao, wameuangalia mlango, hakuna anayethubutu kutoka. Bwana Radosav alikuwa kwa waamuzi anabisha hodi, sauti ameitia asali, anamwomba Miraš aje awafungie mlango. Mara moja tu, kisha arudi zake.

Miraš akatoka, jezi mwilini. "Kipa hutoka mwisho, Bwana Mwenyekiti," akasema. "Nitatokaje mahali ambapo sijaingia?"

Vukota akasema kutoka ndani kwamba basi aingie, muda unakwisha. Ningekuwa mimi ningeingia mbio. Miraš akabaki palepale. Akasema yuko mwingine aliyetolewa kwa heshima, na wote wakatazama viatu vyao. Jagoda wa timu ya wanawake, mwenye mkono wa kushoto wa hatari, alipoanza kutembea na msichana wake hadharani aliambiwa klabu imeishiwa jezi za saizi yake. Miraš alitaka apigiwe simu palepale, aitwe arudi. Na ikubaliwe kuwa kanuni ya klabu: hakuna atakayetolewa chumbani kwa sababu ya anayempenda.

"Hayo tutayazungumza kesho," Bwana Radosav akasema.

"Basi na mlango nitaufunga kesho."

Filimbi ikalia. Mwamuzi akachungulia, akasema wasipotoka wamepoteza. Mwalimu wa fizikia akaanza kupiga ishara ya msalaba. Vukota akainua mkono kuikubali kanuni, wengine wakamfuata, kisha akamfokea mwenyekiti apige hiyo simu kabla hawajashuka daraja wakiwa wamesimama. Mwenyekiti akapiga, spika wazi, maana Miraš alitaka sote tusikie. Akajikongoja: Jagoda mwanangu, klabu ni familia, sisi hatubagui.

"Mlisema jezi yangu hakuna," Jagoda akasema. "Mmeshona?"

"Tutashona."

"Jumatatu nakuja kuijaribu." Akakata.

Ndipo Miraš akaingia. Sikuona ya ndani. Nilisikia viganja vikigongana. Wakatoka mmoja mmoja, na wa mwisho akawa mtoto wa kaka yangu, akaufunga mlango kwa mgongo. Nililia, siwafichi. Nikajifuta kwa skafu ya klabu.

Tukafungwa kwa bao moja. Tumeshuka daraja, na safari hii mlango hauna kosa, kwa hiyo watu wazima wanatembea mjini hawajui wamlaumu nani. Bwana Radosav alikwisha kwenda redioni kueleza jinsi klabu yake ilivyo ya wote tangu zamani.

Miraš alikuja kwangu kula, nywele zimeganda, anatetemeka, maana alioga na wenzake. Akanisimulia kwamba chini ya yale maji Vukota alimsogelea, meno yanagongana, akamuuliza kwa siri kama ule ufunguo wa chumba cha waamuzi bado anao.

"Ninao," Miraš alimjibu. "Lakini kule mtu huoga peke yake, Vukota. Ni heshima."

Nikamwongezea jibini, nikamuuliza na lile boila la timu je. Akasema atalitengeneza Jumatatu, baada ya kuiona jezi ya Jagoda.