Nilimkataa Kuku wa Bibi, Sasa Hataki Nimchotee Maji

Admin, shikamoo. Naomba unifichie jina na usiitaje shule yangu, kwa sababu mwalimu nitakayemzungumzia hapa huwa anausoma ukurasa huu. Nawasalimu pia wote mtakaosoma.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu, naishi na wazazi wangu Utemini, hapa Singida Mjini. Shuleni kwetu tuna klabu ya kujitolea na mimi ndiye katibu. Kila Jumamosi tunakwenda kwa wazee wanaoishi peke yao. Tunachota maji, tunafua, tunafagia, na kabla ya mvua tunakandika kuta zilizobomoka. Tulipoanza tulikuwa wengi mpaka ndoo hazitoshi, lakini wengi walipenda siku za kupigwa picha. Sasa tumebaki wawili, mimi na rafiki yangu, na yeye mafua yake siku hizi yanakuja Jumamosi tu.

Nimechoka, jamani. Mama akiniona natoka na ndoo husema, "Mapipa ya watu unayajaza, la kwenu unaliruka." Darasani wananiita mjukuu wa kukodi. Huwa nacheka nao, kisha jioni mabega yananiuma na kitabu kinanidondoka mkononi. Sijui kama mtu anaruhusiwa kuchoka na kitu alichokiomba mwenyewe.

Kati ya wazee hao yupo bibi mmoja ambaye watoto wake wote wako mbali. Ni mcheshi sana. Ukimwamkia, haitikii "marahaba" ikaishia hapo. Atauliza baba ameamkaje, mama ameamkaje, atauliza na mbuzi, na sisi nyumbani hatuna mbuzi. Nikimwaga maji kidogo ananiambia, "Mume wako atakunywa vumbi." Kwake ndiko nilikuwa napumzikia, ingawa kazi ya kwake ndiyo nyingi kuliko za wote.

Mwezi uliopita nilipomaliza kufua akaniita. Alikuwa ameshika kuku jike mwekundu, amemfunga miguu kwa kipande cha kanga. Akasema, "Huyu ni wako, mjukuu wangu. Nilikutengea tangu akiwa kifaranga."

Klabu yetu ina sheria. Mwanachama hapokei zawadi wala hali chakula kwa mzee, na akipokea anaondoka kwenye klabu. Mimi nikaisema sheria hiyo kama nilivyofundishwa, tena nikiwa nimesimama wima. Nikasema, "Asante bibi, lakini haturuhusiwi kupokea."

Akaniangalia. "Kuku wangu ana nini?"

"Hana kitu, bibi. Ni sheria tu."

"Kwa hiyo mimi ni wa kupewa tu. Mimi ni ombaomba." Hakupandisha sauti. Alimfungua yule kuku miguu, akaanza kuongea Kinyaturu peke yake. Mimi sikijui vizuri, ila nilielewa kwamba nimefukuzwa.

Jumamosi iliyofuata nilikutana naye njiani akitoka bombani, fimbo mkono mmoja, dumu dogo mkono wa pili. Nikaliwahi dumu nimpokee. Akalivuta. "Achia. Maji ya klabu yenu wapelekeeni wenye njaa."

Nilimweleza mwalimu mlezi wa klabu. Si mtu mbaya, alinisikiliza mpaka mwisho. Akanikumbusha kwamba sheria ilitungwa baada ya watu mtaani kusema wanafunzi wanawafuata wazee kwa ajili ya mayai na karanga zao. "Ukipokea kuku wewe katibu," akasema, "wadogo zako watapokea mbuzi." Nikamwomba basi nimpokee yule kuku kwa niaba ya shule. Akakataa. Nilipomweleza mama, alicheka mpaka akakaa chini. "Mlete tumpike. Mwalimu atajulia wapi?" Lakini mimi siwezi kumdanganya mwalimu usoni.

Wiki hii jirani yake akaniambia bibi aliteleza bombani, goti limevimba. Jana nilipotoka shule nilipitia kwake nikiwa na sare zangu za shule. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, goti amelifunga kitambaa. Nikamwamkia. Akaitikia, lakini hakuuliza habari ya mtu yeyote wa nyumbani.

"Siku hizi mnafanya kazi mpaka katikati ya wiki?"

"Hapana, bibi. Hakuna aliyenituma."

Akanisogezea bakuli la uji wa mtama aliokuwa anakunywa yeye. Niliushika ule uji, nikaifikiria sheria, nikanywa wote. Akasema, "Kuku wako ameanza kutaga. Mayai siyagusi, nayaacha ayaatamie. Jumamosi njoo uchukue mali yako, ndipo uchukue ndoo. Usipomchukua, na ndoo uziache."

Nikimchukua, nitamwambia mwalimu na nitaondolewa. Nikiondolewa, wale wazee wengine hawana tena wa kuwaendea, kwa sababu rafiki yangu peke yake hawezi, na ameshasema hivyo. Nisipomchukua, bibi atarudi bombani na goti lile. Nimejaribu kufikiria kwamba hii ni nafasi yangu ya kupumzika, kwamba niache yote nisome kama wenzangu. Nililala na wazo hilo, na asubuhi nikajikuta naandika ujumbe huu.

Ninyi mliolelewa na bibi zenu, na ninyi walimu mliopo humu, naombeni mnielekeze kabla ya Jumamosi. Nifanye nini? Msiniambie niache tu, kwa sababu pamoja na kuchoka kote huku, mimi bado nataka kwenda.