Nafasi Yangu Kwenye Sinia

Kazi yangu barabarani ni kukataa. Rola ikishamaliza kushindilia tabaka la kifusi, mimi ndiye ninayepiga magoti, nachimba shimo dogo, napima uzito wa udongo uliotoka, kisha nalijaza shimo kwa mchanga mkavu kutoka kwenye chupa ili nijue ukubwa wake. Hesabu ikisema tabaka halijashikana vya kutosha, linachimbuliwa upya. Sasa nani atampenda mtu wa namna hiyo? Kwenye kipande chetu karibu na Namawala vijana walikula sinia moja kivulini mwa lori, na nikisogea walibanana hadi pasibaki pa kuingiza mkono. Nisijidai eti nilizoea. Iliniuma sana.

Aliyenijali ni dereva wa rola peke yake, mzee wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe, ng'ombe wakaisha, akaingia kwenye mashine. Asubuhi nikimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba kisha akanidai mwangaluka, salamu ya kwao, hadi niitamke sawasawa. Mchana alinipakulia wali wake kwenye kifuniko cha hotpoti.

"Kula, mwanangu," alikuwa akisema. "Hawa wanazikasirikia hesabu, siyo wewe."

Siku ninayoisema, mawingu yalikuwa yanajikusanya milimani na msimamizi alikuwa hashikiki. Mzee alishaonywa: tabaka lake likikataa tena, anaondoka. Na kipimo changu kina sharti lake. Wakati wa kumimina mchanga, mashine za karibu zisimame, maana mtetemo unaushindilia mchanga shimoni, unaingia mwingi kupita kiasi, na tabaka zuri linaonekana bovu. Nilitakiwa kunyoosha mkono tu, mzee asimame. Sikunyoosha. Alikuwa anakwenda na kurudi hatua chache kutoka nilipopiga magoti, ananipungia kila akipita, na mimi mpumbavu nikafurahia kuwa na mtu karibu.

Mashimo matatu, yote yakakataa.

"Nimepita mara nane," mzee alimwambia msimamizi. "Muulize huyu mwanangu, alikuwepo."

Wakanigeukia. Nikasema namba ndizo hizo, mimi siwezi kuzipika. Nilijiona mwadilifu kweli kweli. Mzee alishusha kikapu chake kwenye rola, akapanda bodaboda kuelekea Ifakara.

Mvua haikunyesha. Asubuhi msimamizi aliniambia nipime tena kabla hawajachimbua. Rola ilikuwa imezimwa, hakuna wa kuiendesha, na pale barabarani palikuwa kimya hadi nikasikia mchanga ukishuka. Nilichimba kando ya mashimo ya jana. Yote matatu yakapita.

Nilijua papo hapo nilichokifanya. Nikamfuata msimamizi, nikamweleza kwamba kosa ni langu, mzee arudishwe. Alicheka kwa nafuu, akasema vizuri, tumeliokoa tabaka. Kuhusu mzee, alisema dereva mwingine yuko njiani. Nikapiga simu ya mzee, haipatikani. Nimeipiga mara nyingi tangu hapo.

Mchana vijana wakaniita. "Njoo fundi, leo umetubeba."

Wakasogea, nikapata nafasi pana kabisa, ile niliyoitamani miezi yote. Nikanawa, nikakaa, nikamega tonge, nikabaki nimelishika. Kifuniko cha hotpoti ya mzee kilikuwa bado kwenye begi langu, sijakiosha.