Kalamu ya Ncha Nyembamba

Baba alipoacha kusikia, simu zetu zilikufa. Nilikuwa natoa shikamoo ya kuamsha mtaa mzima, naye kule Songea anajibu, "Nani huyo? Sema basi!" kisha anampa dada yangu simu. Ujumbe wa maandishi hakuutaka. Alisema hayo ni maneno, mtoto mwenyewe yuko wapi? Basi mimi, mwalimu niliyepangiwa wilaya ya Serengeti, nikaanza kumchorea. Kila Jumapili, kwenye chumba changu cha kupanga mtaa wa Morotonga, mjini Mugumu, nilichora kwa kidole kwenye kishikwambi tulichogawiwa walimu, nikamtumia dada amwonyeshe.

Nakiri nilikuwa namdanganya. Nilichora watu wamejaa chumbani: mabaka tu, maana kidole hakichori pua. Kwetu chai haiji mezani bila kikombe cha ziada cha atakayebisha hodi, na Baba ndiye aliyetuzoesha hivyo. Kwangu, mwaka wa pili sasa, hakuna aliyekalia kiti cha pili. Majirani ni wema, ila wakikaa pamoja mazungumzo yanahamia Kikurya, nami nabaki natabasamu kama picha ya ukutani. Sikutaka mzee ajue, angekosa raha.

Lakini Baba akalalamika kwamba kwenye michoro haioni sura yangu. Mugumu nilikosa kalamu ya maana ya kuchorea kwenye kishikwambi, nikafunga safari hadi Tarime, kwenye duka moja la vifaa vya simu mtaa wa Nyamisangura. Mwenye duka, mama mcheshi, akanipangia tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa na ncha ya mpira, nene kama kidole chenyewe. Hiyo niliirudisha hapo hapo. Ya pili ilikuwa na kisahani cha plastiki kwenye ncha, ikawa inateleza. Ya tatu ilikuwa ya kuchaji, yenye ncha nyembamba. Nikaikandamiza, mstari ukatetemeka.

"Polepole, madam, hiyo si chaki!" akaniambia, kishikwambi cha walimu akiwa amekitambua.

Nikalegeza mkono. Nikachora jicho, na kope zake moja moja. Nilicheka kwa furaha mbele ya wateja nisiowajua, nikainunua.

Jumapili nilijichora nikiwa mezani. Wageni sikuwaweka, mabaka hayakufaa tena, na sura za kweli za kuchora sikuwa nazo. Nilichora macho, nywele, chupa ya chai, hadi maua ya kitambaa cha meza. Nikatuma, nikijiona fundi.

Dada akajibu mchana: "Baba kakutazama sana, kafurahi. Anauliza, mbona kikombe ni kimoja?"

Nikakipakata tena kishikwambi. Kisha nikachora kikombe cha pili, na mvuke wa chai juu yake. Kilipendeza. Nikakifuta, na mahali pake nikaandika kwa herufi kubwa, ayasome mwenyewe maneno asiyoyapenda: Baba, huku niko peke yangu.