Mwiko wa Nusu Saa

Mzee wangu ameumwa na nyuki tangu hajaota ndevu. Wamemchoma sikioni, wamemchoma ulimini, na yeye akacheka tu na kuendelea kurina asali. Halafu mwaka mmoja, tayari ni babu wa watu, nyuki mmoja akamchoma shingoni. Mmoja tu! Uso ukaumuka kama mkate wa kumimina, pumzi zikakata, akaanguka chini ya mzinga wake mwenyewe. Wanangu walimkimbiza baba yao hospitali kwa pikipiki, wamembana katikati kama gunia la karanga.

Alipopona, daktari wa mjini alimpa mambo mawili achague. Aachane na mizinga, au achomwe sindano za mzio. Mzio, alitueleza, ni mwili kupiga yowe la mwizi wakati aliyeingia ni jirani.

"Na ndani ya sindano kuna nini?" mzee akauliza.

"Sumu ya nyuki. Kidogo sana. Kila ukija tunaongeza, mpaka mwili uizoee na kuacha kushtuka. Baadaye utakuwa unakuja mara moja moja, kwa miaka kadhaa."

"Yaani nyuki nusura aniue, na dawa yake ni nyuki?"

"Ndiyo, mzee."

"Nyuki wa wapi?"

"Sumu yenyewe inatoka ng'ambo."

"Hao ndio hawajawahi kuniuma," mzee akasema, akaanza kukunja shati.

Angekubali hata sindano ya mamba. Bila mizinga yule si mtu, ni kiti cha sebuleni. Siku zile za kuzuiwa alikuwa anafukiza moshi mabanda ya kuku, kuku wenyewe wakawa wanamkimbia.

Tena jambo lenyewe halikuwa geni kwetu. Tunao Wayeye, wacheza nyoka, ambao huchanjwa dawa yenye sumu ya nyoka kidogo kidogo, halafu wakamshika swila kama wewe unavyoshika kamba ya mbuzi. Ila chanjo ya Wayeye ina miiko, na mwiko ukivunjwa dawa inalala. Kwa hiyo mzee akauliza miiko ya hii.

Daktari, kijana wa pwani, akacheka. "Haina miiko, mzee wangu. Ila ukishachomwa, kaa pale kwenye benchi nusu saa. Usiondoke kabisa."

Basi, huo ndio ukawa mwiko, na mzee akauongezea wa kwake: kukaa kimya.

Mzee alikaa kama mzinga uliofungwa mtini. Hakusema, hakujikuna, hakuitikia salamu. Watoto wa watu wanamwamkia shikamoo, yeye anatazama ukuta, nami naitika marahaba za watu wawili. Benchi lenyewe lilikuwa la ajabu. Kulikuwa na mwalimu mwenye mzio wa vumbi, naye akichomwa vumbi. Vumbi! Tabora hii, ambako kiangazi unalipata bure mpaka kwenye uji! Pembeni yake mama mmoja akichomwa paka. Majina yao ninayo yote, na ya paka pia, lakini hayo ni yao.

Mdogo wangu wa kiume, mwenye duka Gongoni, alipopata habari akaja mbio. Shemeji haachi nafasi ya namna hiyo.

"Shemeji! Umepanga foleni ili uumwe na nyuki? Mbona hukuniambia, ningekuuma mwenyewe!"

Mzee kimya.

"Dada, huyu ameshakufa. Ile baiskeli yake naichukua mimi."

Mzee kimya, jasho linamtiririka kwa hasira.

Hapo akapita nesi mgeni, siku yake ya kwanza pale. Akaona mzee anatoka jasho, macho mekundu, hasemi. Akamshika mkono. "Babu, unapumua vizuri? Babu, nijibu!" Babu akatazama ukuta. Nesi akapiga kelele, daktari akatoka mbio, kitanda kikaja, sindano ya kuokoa ikatayarishwa.

"Kama sumu imemkataa, tutalazimika kusimamisha matibabu," daktari akasema.

Nilimwona mzee macho yanamtoka. Alisikia. Akisema, amevunja mwiko na dawa imelala. Akinyamaza, matibabu yamekwisha, na mizinga kwaheri. Akabaki katikati, midomo imebanwa, nesi anampandisha kaptura amchome pajani.

Nilimwinamia sikioni, lakini nikasema kwa sauti ya soko zima:

"Asali ya huyu mwanamume ina sukari."

"MWONGO!" Mzee akaruka kitandani. "Sukari? Asali yangu? Ya miombo ya Isikizya? Lete maji, lete kijiti cha kiberiti, niwaonyeshe!" Akatukana mpaka ukoo wetu, na mdogo wangu akiwa hapo hapo akipiga makofi.

Daktari akamsikiliza kifua, akaketi chini, akaanza kucheka. Nikamweleza habari za Wayeye. Kisha akamwambia mzee, kwa heshima kabisa, kwamba dawa haijalala, ila mwiko alikuwa ameushika kinyume. Mwiko wenyewe ni kusema. Nusu saa nzima asinyamaze, ili wajue anapumua.

Tangu siku hiyo benchi zima lilifundishwa ufugaji wa nyuki, litake lisitake. Mwalimu wa vumbi sasa ana mizinga.

Safari zikaenda, sumu ikaongezwa, na siku ikafika daktari akamruhusu arudi porini, na sindano ya kuokoa mfukoni. Nyuki akamchoma mkononi. Pakavimba kama punje ya kunde, basi.

Lakini mwiko ni mwiko. Akichomwa tu, anakaa chini ya mti na kuzungumza peke yake nusu saa. Nami nakaa ukingoni mwa shamba na jembe langu, namsikiliza. Akinyamaza hata kumeza mate, naita:

"Sukari!"

Matusi yanarudi kutoka mitini, marefu, yenye pumzi za kutosha. Naendelea kulima.